Padri Tempels na watu wa Katanga: mgeni aliyekubali kuulizwa

Tuanze na aibu yetu wenyewe.

Tulipotoka seminari tulipewa kazi ya katekista katika parokia moja ya Baluba, karibu na njia ya reli ya Katanga. Sisi si Baluba; kwetu ni kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Katika seminari tulikuwa tumefundishwa kwamba mhubiri sharti ajue desturi za watu anaowahubiri, nasi tulilishika neno hilo sawasawa. Tulinunua daftari nene, tukaandika juu yake kwa herufi kubwa: DESTURI. Mzee mmoja alipokufa kijijini, tulikwenda kwenye kilio pamoja na Wakristu wengine, tukasali rozari, kisha tukalifungua daftari. Tukamkaribia mama mmoja mzee, dada wa marehemu, tukamwuliza kwa heshima yote: kwa nini mjane ameketi pale, na kwa nini moto ule hauzimwi, na watu watalala nje siku ngapi? Alijibu la kwanza, akajibu la pili. La tatu hakulijibu. Alitutazama, akalitazama daftari, akasema:

«Na kwenu, mwalimu, munalilia namna gani?»

Tulisema maneno machache yasiyo na maana, tukafunga daftari. Tulikuwa tumekaa miezi mitatu katika kijiji kile, na hapana mtu hata mmoja aliyejua kama sisi nasi tumekwisha kuzika mtu. Hapana aliyejua kama tuna mama.

Tangu siku ile tulianza kusoma kwa macho mengine habari za padri mmoja ambaye jina lake lajulikana sana Katanga, lakini safari yake haijulikani vema. Twataka kuieleza hapa, kwa maana yaonyesha jinsi mtu anavyojifunza, polepole na kwa taabu, kuona kwamba wengine nao ni watu kama yeye.

Wengine wadhani kwamba kuheshimu desturi za mataifa ni fikra mpya katika Eklezia. Sivyo. Mwaka wa 1659 Roma iliwaandikia maaskofu wa kwanza waliotumwa upande wa China na Vietnam, ikawaagiza wasiwalazimishe watu wale kuacha desturi zao, isipokuwa zile zinazopingana wazi na dini na mwenendo mwema. Tena iliwauliza ni upuuzi gani ungekuwa mkubwa kuliko kuichukua Ufaransa au Hispania au Italia na kuipeleka China. Basi, amri nzuri ilikuwapo tangu siku zile. Lakini amri haimpi mtu macho. Miaka 274 baadaye, mwaka wa 1933, padri kijana wa shirika la Wafransiskani alifika Katanga, naye (yeye mwenyewe ndiye aliyeungama hivyo) alikuja kama bwana.

Jina lake Placide Tempels. Alizaliwa mwaka wa 1906 katika mji wa Berlaar, inchi ya Ubeljiki, akapata upadri mwaka wa 1930. Alitumwa kati ya Baluba, upande wa Kamina. Alipokuwa mzee kidogo aliandika kijitabu cha kukumbuka safari yake, kikatolewa Léopoldville mwaka wa 1962, na ndani yake hakujificha. Asema kwamba hapo mwanzo alikuja na mamlaka ya Mzungu na mamlaka ya padri pamoja. Kazi yake ilikuwa kusema. Kazi ya watu ilikuwa kusikia na kutii. Miaka karibu kumi alifanya hivyo. Watu walibatizwa, walijifunza katekismu kwa moyo, walipiga magoti. Lakini ugonjwa ulipoingia nyumbani, au mwanamke alipokosa kuzaa, au mtoto alipokufa ghafula, aliona Wakristu wake wakirudi usiku katika njia za wankambo. Wala si wajinga tu; hata makarani na watu waliosoma.

Je, mtu afanye nini aonapo hivyo? Wengi walisema: hawa ni watoto, hawajakomaa. Vitabu vya wakati ule viliwapa nguvu ya kusema hivyo. Mwalimu mkubwa wa Paris, Lucien Lévy-Bruhl, alikuwa ametoa kitabu mwaka wa 1910 akifundisha kwamba mataifa aliyoyaita ya chini hayafikiri kwa njia ya akili kama Wazungu. (Haki yake tumpe: kabla ya kufa mwaka wa 1939 alianza kuyaacha maneno yake katika daftari zake, nazo zilichapwa mwaka wa 1949. Lakini kosa huenda kwa miguu ya haraka kuliko sahihisho.)

Wengine walichagua njia iliyo bora, wakakusanya desturi. Padri Colle wa shirika la Wapadri Weupe alikuwa ametoa mwaka wa 1913 vitabu viwili vikubwa juu ya Baluba, na mpaka leo vyafaa. Tempels naye aliingia katika njia hiyo. Alichimba desturi, mizimu, dawa, majina, methali. Alitaka kuipatanisha dini na mambo ya watu, kama fundi anayepima mlango upate kuingia katika ukuta. Ndilo daftari letu lile, wasomaji! Naye akaona kama sisi tulivyoona: vipande vilikuwa vingi mkononi mwake, lakini mtu mwenyewe hayumo.

Hapo ndipo alipobadili swali. Badala ya kuuliza mnafanya nini na kwa nini, akaanza kuwauliza watu: wewe ni mtu wa namna gani? Wataka nini kupita vyote? Wamwogopa nani, wampenda nani? Asema kwamba watu waliojibu swali la kwanza kwa maneno mafupi, hili la pili walilijibu kwa moyo wao wote. Nayo majibu yalikuja kukusanyika katika mambo matatu: kuwa na uzima wenye nguvu, kuzaa, na kuungana na wengine. Tena ikampata ajabu kubwa: aliona kwamba hayo matatu ndiyo aliyoyatamani yeye mwenyewe, Mfulama wa Berlaar, katika moyo wake tangu utoto. Alikwenda kumtafuta Muluba, kumbe amejikuta mwenyewe.

Tukae hapa kidogo, kwa maana jambo hili si la kupita mbio. Tempels alifahamu kwamba kwa Baluba kuwapo na kuwa na nguvu ni kitu kimoja. Mtu hayuko peke yake kama jiwe. Nguvu yake yatoka kwa Mungu, yapita kwa wankambo na wazazi, yaenda kwa watoto. Yaweza kuongezeka, yaweza kupungua. Ndugu akikuchukia, yapungua. Mkubwa akikubariki, yaongezeka. Hata salamu yasema hivyo: Muluba akikuambia «Wakomapo», anakutakia nguvu, naam, anakuambia kwamba umesimama imara. Sisi tulisalimiwa neno hilo kila asubuhi tukajibu kama kasuku, pasipo kusikia linasema nini. Ukifahamu hivyo, utafahamu kwa nini utasa unamwumiza mtu kama mauti, na kwa nini mgonjwa aliyebatizwa anakimbilia dawa ya usiku. Hakimbii kwa sababu amemsahau Mungu. Anakimbia kwa sababu uzima wake unavuja, wala hapana mtu katika misioni aliyemwambia kwamba anauona uzima huo unavuja.

Mambo haya Tempels aliyaandika kwa Kifulama wakati wa vita kuu ya pili. Wakili mmoja wa Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), Antoine Rubbens, akayageuza kwa Kifransa, na mwaka wa 1945 kitabu kikatoka mjini humo kwa jina «La philosophie bantoue», yaani falsafa ya Bantu. Jina hilo peke yake lilikuwa kama ngumi mezani. Katika siku zile, Mzungu kusema kwamba mtu mweusi wa kijijini ana falsafa!

Yafaa kukumbuka siku zenyewe zilikuwaje. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville wakitaka mshahara zaidi, askari wakawapiga risasi, watu wengi wakafa. Mwezi wa Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Mwaka uleule wa 1944 Tempels aliandika katika gazeti la Wazungu la Elisabethville, «L'Essor du Congo», akijaribu kuwaeleza wenzake kwa nini watu weusi wana uchungu. Si wote waliofurahi. Askofu wa Katanga wakati ule, Monsinyori de Hemptinne, alikipinga kitabu kwa nguvu. Mwaka wa 1946 Tempels alikwenda Ubeljiki, akakaa huko mpaka mwaka wa 1949. Hatutaki kuhukumu mioyo ya wakubwa waliokwisha kufa. Twasema tu kwamba mtu aliyekwenda karibu na wengine, wa kwake wakamwona yuko mbali.

Wakati alipokuwa Ulaya, kitabu kilitembea. Mwaka wa 1949 Alioune Diop wa Senegal alikichapa tena Paris katika «Présence Africaine», na watu weusi wa inchi nyingi wakakisoma. Wengine walishukuru. Wengine walikasirika, nao yafaa tuwasikie vilevile, kwa kuwa walisema kweli.

Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alikicheka kwa uchungu mwaka wa 1950. Maana ya maneno yake ni hii: Bantu wanataka mshahara mwema na nyumba njema na chakula, ninyi mwawapa heshima ya nguvu zao za rohoni, ambayo haiwagharimu ninyi hata franka moja! Padri Alexis Kagame wa Rwanda alikwenda kwa upole zaidi. Mwaka wa 1956 alitoa kitabu chake, akasema: Tempels amezungumza habari za Bantu wote, basi tujaribu kwanza lugha moja tunayoijua vema, tuone yasemaje. Akachukua Kinyarwanda, akaanza na shina la neno, ntu: umuntu ni mtu, ikintu ni kitu, ahantu ni mahali, ukuntu ni namna. Sisi wasemaji wa Kiswahili twaweza kumfuata pasipo mkalimani. Baadaye walikuja wakali kupita hao: Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun mwaka wa 1968, na Paulin Hountondji wa Dahomey, inchi iitwayo leo Benin, mwaka wa 1976. Waliuliza: ni nani anayezungumza na nani katika kitabu hiki? Mzungu anazungumza na Wazungu juu ya Mwafrika. Mwafrika amekaa katikati kama kitu cha kutazamwa.

Sisi twaona wamegusa penyewe. Katika kitabu kile Tempels asema kwamba Bantu hawawezi kutazamiwa waieleze wenyewe falsafa yao kwa utaratibu. Ni kazi ya Wazungu kuwaeleza, nao watajitambua. Neno hilo latuchoma sisi makatekista kupita wengine. Padri wa Kifulama hakuyapata maneno ya Baluba juu ya mti. Wako watu walioketi naye, waliotafuta maneno, waliomwambia «si hivyo, Padri, ni hivi». Majina yao hayako juu ya jalada. Kumheshimu mtu na bado kusema mahali pake: hiyo ni hatua, lakini si mwisho wa safari. Mtu aweza kuzipenda sana desturi za wengine na bado akawa bwana wao.

Basi watu wengi huishia hapo. Wajua kitabu, wajua wapinzani wa kitabu, wafunga mlango. Lakini Tempels hakuishia katika kitabu chake.

Aliporudi Kongo alifika Kolwezi, na mwaka wa 1953 tunamkuta Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa Union Minière penye machimbo ya shaba na kobalti. Hapa hapana kijiji cha Baluba chenye wazee na mizimu yake. Hapa pana nyumba zilizopangwa kwa mistari na king'ora cha kazi, na watu wa makabila mengi kutoka Katanga na Kasai waliotupwa pamoja. Daftari la desturi lingemsaidia nini? Desturi ya nani? Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Nasi twaomba msomaji aliangalie jambo hili: Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya padri, wala hakikuwa lugha ya mama ya wengi wa wachimbaji wale. Wote walikuwa wageni katika lugha ileile. Hapana aliyeweza kumcheka mwenzake sana.

Tempels alianza kukutana na watu wachache, waume pamoja na wake zao. Hakuja na somo lililoandikwa. Walipeana mawazo yao: kila mmoja aseme kilichomo moyoni mwake, padri vilevile. Mambo matatu aliyoyasikia zamani kwa Baluba sasa yalipata majina ya Kiswahili, nayo yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Lakini safari hii si padri aliyekaa mezani akiwaeleza Wazungu. Mchimbaji aliwaeleza wachimbaji wenzake, na mke wake aliketi kando yake akieleza naye, wala hakunyamazishwa. Chama hicho kikaitwa Jamaa. Mume na mke waliwaongoza mume na mke wengine hatua kwa hatua, wakaitwa baba na mama yao, na wale wakaitwa watoto. Mapadri wengine waliotaka kuingia waliipita njia ileile, wakifundishwa na watu wa kambi.

Fikiri kidogo, msomaji, jambo hilo katika Katanga ya mwaka wa 1955 au 1956: padri Mzungu anafundishwa mambo ya roho na mtu wa machimbo na mke wake, kwa Kiswahili, katika nyumba ya kambi. Mlango wa duka la Wazungu mtu huyo haupiti bila kutazamwa vibaya. Lakini hapa yeye ndiye mwalimu.

Tusifanye kana kwamba yote yalikuwa asali. Jamaa ilienea upesi katika miji ya shaba mpaka Kasai, na upesi huleta taabu zake. Vikundi vingine vilipotoka, vikatumia maneno ya mapendo kwa mambo yasiyo ya mapendo, na maaskofu ikawabidi kuchunguza na kukaza sheria. Wengine waliuliza, nao hawakukosea kuuliza, kwa nini chama kinachosema sana juu ya uzima kilisema kidogo juu ya mshahara. Swali la Césaire lilikuwa bado hai Kolwezi. Na mji wa Kamina ulitoa tunda jingine katika miaka ileile: Mfransiskani mwingine, Padri Guido Haazen, pamoja na kundi lake la waimbaji, waliimba mwaka wa 1958 Misa ile iitwayo «Missa Luba», ambayo ilisikika mpaka Ulaya na Marekani. Wako waliofika Afrika kwa masikio tu, kwa kusikia sahani ya muziki. Si kitu kibaya, lakini ni rahisi kuliko Musonoi.

Mwaka wa 1962 Tempels alirudi Ubeljiki, wala hakurudi tena kukaa Kongo. Alikufa Hasselt mwaka wa 1977. Alikuwa ameishi Katanga karibu miaka 26 akitoa ile ya Ulaya. Miaka kumi ya kwanza alisema; miaka kadhaa aliuliza; na ile ya mwisho alikubali kuulizwa.

Tulikuwa tumesoma hayo yote, tena tumeyasoma kwa raha, tukikaa kwenye kiti. Kazi ilikuwa kurudi kwa yule mama mzee.

Tulirudi baada ya mavuno. Daftari lilibaki nyumbani, si kwa utakatifu, ila kwa kuogopa. Alikuwa akipukusa mahindi mbele ya nyumba. Alitupa kigoda na mahindi ya kupukusa sisi nasi. Tukamwambia: «Mama, ile siku ya kilio ulituuliza kwetu tunalilia namna gani. Tumekuja kukujibu.» Alicheka, kwa maana alikuwa amesahau, au alijifanya amesahau. Basi tukamweleza jinsi baba yetu alivyokufa tulipokuwa darasa la tano, jinsi wajomba walivyokuja kwa mtumbwi usiku, na jinsi sisi watoto tulivyofichwa kwa jirani tusione, nasi tukaona yote kwa tundu la ukuta. Hatukuwa tumemwambia mtu habari hiyo katika parokia ile. Aliacha mahindi, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole kwamba kwao pia watoto hufichwa, nao pia huona.

Kisha akaanza kuuliza. Aliuliza mama yetu alikaa wapi siku zile, na nani alimnyoa, na kama wajomba walileta chakula au walikula cha wafiwa. Tukajibu tulivyoweza. Akauliza: «Na siku ile ya kwanza, nani alipika?»

Hatukujua. Tulikuwa na daftari zima la desturi za Baluba, na hatukujua ni nani aliyepika katika kilio cha baba yetu. Jioni ile ilitubidi kupanda kilima penye mtandao, tumpigie mama simu, tumwulize.